Mdhamini Aliyejua Deni Langu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kutafuta kazi katika nchi hii anajua kuwa siku hizi hata kizuri hutembezwa, tena kikiwa kimefungwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na barua za wakubwa. Makala haya ni masimulizi ya bahasha yangu mwenyewe. Niliifunga mara tatu na kuifungua mara mbili kabla ya kuipeleka. Kilichonifanya niifungue hakikuwa kosa la sarufi wala cheti kilichosahaulika. Lilikuwa swali la nani anayestahili kunishuhudia.

Nilikuwa katika mwaka wa nne, nikisomea ualimu wa Kiswahili na Historia, lilipotoka gazetini tangazo la kuwaalika vijana waombe nafasi za ukadeti katika majeshi ya ulinzi. Nililisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza ya magazeti maktabani. Masharti nilikuwa nikiyajua tangu utotoni: uraia wa Kenya, umri wa kati ya miaka 18 na 26, kimo kisichopungua mita 1.60, matokeo mazuri ya mtihani wa kidato cha nne na rekodi isiyo na doa la jinai. Atakayefaulu hupelekwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, karibu na mji wa Nakuru. Akihitimu, hutunukiwa kamisheni na kuanza safari yake kwa cheo cha luteni wa pili. Kuruta wa kawaida hupanga foleni uwanjani, akakimbia na kukaguliwa meno papo hapo. Anayeomba uafisa hutanguliza maandishi, na maandishi ndiyo yanayomfungulia au kumfungia mlango.

Wenzangu darasani walicheka. Mmoja aliniuliza kama nitakwenda vitani kuhakiki risasi kwa mkabala wa umuundo. Sikuwalaumu. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa Kiswahili kinaishia kwenye ubao na chaki. Lakini lugha hii ina historia ndefu kambini. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, kiliwakusanya askari wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Maafisa wa Kiingereza wenyewe walilazimika kujifunza ili wasikike. Aidha, juu ya kitanda changu nilikuwa nimebandika picha ya Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, akawa brigedia mwaka 2015 na mwaka 2018 akapandishwa cheo na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia umeja jenerali. Kila nilipochoka kukimbia alfajiri, niliikumbuka picha ile.

Nikaketi kuandika wasifukazi. Msomaji mpenzi, wewe uliyefundishwa utungaji wa kiuamilifu unajua kwamba wasifukazi haukamiliki bila kipengele cha mwisho: warejelewa. Tuliufunzwa muundo huo shuleni kama tulivyofunzwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Tulibuni majina matatu, tukayapa masanduku ya posta ya kubuni, tukapewa alama zetu na tukasahau. Sasa nilitakiwa kuandika majina matatu ya watu wenye damu na nyama, kisha kuambatisha barua zao.

Nililitazama neno hilo kwa muda. Mrejelewa ni yule anayerejelewa, mtu ambaye msomaji wa barua hurudi kwake kuuliza. Ni neno la kisomi, safi, lisilomtia mtu hofu. Mtaani, hata hivyo, watu husema mdhamini, na neno hilo lina uzito mwingine. Dhamana ndiyo inayotolewa mahakamani ili mshtakiwa aende nyumbani. Akitoroka, aliyemdhamini hulipa. Kumwomba mtu awe mrejelewa ni kumwomba ajibu maswali. Kumwomba awe mdhamini ni kumwomba aweke kitu chake rehani kwa ajili yako. Nilijiuliza: ni nani niliyempa sababu ya kufanya hivyo?

Mjomba wangu hakulihitaji swali hilo. Aliwahi kumpigia kampeni mheshimiwa mmoja, na kwake dunia nzima hufunguka kwa ufunguo mmoja. "Mpwa wangu," aliniambia kwenye simu, "hapa Kenya hauulizwi unajua nini. Unaulizwa unamjua nani. Niachie mimi." Majuma mawili baadaye aliniletea barua yenye nembo, karatasi nzito, sahihi ya wino wa buluu. Ilisema kwamba mheshimiwa ananifahamu vyema kwa zaidi ya miaka kumi na kwamba anaweza kuithibitisha bidii yangu bila shaka yoyote. Sikuwahi kumwona mheshimiwa huyo ila kwenye mabango. Jina langu la pili lilikuwa limekosewa. Isitoshe, barua iliandikwa kwa Kiingereza, na kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho ilinitaja kama mwanamume. Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Kiswahili kisingenisaliti hivyo, kwa kuwa "yeye" wetu haulizi jinsia ya mtu. Lakini Kiswahili nacho kingeuficha uongo ule vizuri zaidi, na hilo halikunichekesha.

Nilipomweleza mjomba, alisema makosa hayo madogo yatarekebishwa. Kisha akanipa hoja ambayo sikuitarajia. "Hata Marekani," akasema, "kijana hawezi kuingia chuo cha kijeshi cha West Point bila kuteuliwa, na wanaoteua ni wabunge na maseneta. Wewe ni nani ukatae?" Nilikwenda kusoma. Kweli, mwombaji wa West Point hulazimika kupata uteuzi, aghalabu kutoka kwa mwakilishi wa jimbo lake. Tofauti ni kwamba uteuzi huo umewekwa na sheria, nafasi zake zinahesabika, na vijana hushindania hadharani. Barua yangu haikushindaniwa na mtu. Ilikuwa shukrani ya kampeni iliyopita na rubuni ya kampeni ijayo.

Mrejelewa wa pili hakunipa taabu. Alikuwa mkufunzi wetu wa mpira wa magongo, mtu wa maneno machache, aliyeniona nikiwa nahodha katika msimu tulioshindwa mechi sita mfululizo. Nilipomwomba barua, aliuliza swali moja tu: "Tarehe ya mwisho ni lini?" Wa tatu alikuwa mkuu wa shule yangu ya upili, aliyeniandikia kwa moyo mkunjufu yale awezayo kukumbuka juu ya msichana aliyeondoka kwake miaka minne iliyopita.

Nafasi iliyobaki ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilijua jina linalostahili kukaa hapo. Nilijua pia kwamba mwenye jina hilo ndiye mtu pekee chuoni anayelijua deni langu.

Katika mwaka wa pili nilikuwa kiongozi wa darasa. Tulipanga ziara ya Mombasa na Lamu kukusanya data ya fasihi simulizi, na kila mmoja wetu, watu 42 kwa jumla, alitakiwa kuchanga shilingi 1,500. Mimi ndiye niliyepokea fedha na kuandika risiti. Wiki ileile mdogo wangu alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Mama, anayeuza mboga sokoni, hakuniomba chochote. Aliniambia tu kwamba kijana yuko nyumbani. Nikachukua shilingi 7,500 kutoka kwenye michango ya wenzangu, nikamtumia. Nilijiambia kwamba nitazirudisha kabla ya safari. Siku zikaisha, fedha sikuwa nazo.

Mwenye basi alipodai salio, nilimwendea mhadhiri wetu, ambaye hapa nitamwita Daktari tu, nikamwambia kwamba watu watano hawajalipa. Akaniuliza ni akina nani. Hapo ndipo ningeweza kusimama. Badala yake nikataja majina matano. Wenzangu hao wakaambiwa kwamba hawatasafiri. Saa kumi na moja alfajiri, basi likiwa limewashwa, msichana mmoja kati ya watano hao alifika akiwa amebeba mkoba wake na risiti mkononi. Mwandiko ulikuwa wangu.

Daktari hakupaza sauti. Alimlipa mwenye basi kutoka mfukoni mwake, akawaruhusu wote wapande, nami nikiwemo. Tulipopita Mtito Andei alinyanyuka, akanikabidhi kipaza sauti cha basi, akasema, "Waeleze wenzako." Niliwaeleza. Sijawahi kuhutubia hadhira iliyonyamaza kiasi kile.

Tulikubaliana kwamba nitalipa shilingi 500 kila Ijumaa. Nikawa nawapigia wenzangu chapa kazi zao za semina kwa malipo ya kurasa. Daktari alikuwa na daftari dogo jekundu; kila nilipoleta fedha aliandika tarehe, mimi nikatia sahihi, naye akatia yake. Ijumaa ya tisa nilifika ofisini jioni kabisa, nimelowa mvua, nikamkuta bado ameketi. Hakusema alikuwa akinisubiri. Ijumaa ya kumi na tano alifunga daftari, akasema, "Haya, tumemalizana," akarudi kusahihisha mitihani.

Sasa, msomaji, fikiria ningemwombaje barua mtu huyu. Mjomba aliposikia wazo hilo alinishangaa. "Unamwita shahidi wa mashtaka aje akutetee?" Nami kwa kweli sikuwa na jibu.

Jibu nililipata nilikokuwa sikulitafuta, katika kazi ya semina ya Historia niliyokuwa nikiiandika kuhusu King's African Rifles. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuwa maafisa katika kikosi hicho; waliongozwa na Wazungu hata walipokuwa na uzoefu wa vita viwili vikuu. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walianza kuwatafuta askari wa kupandisha. Huko Uganda walimtazama askari mmoja aliyejiunga mwaka 1946, mrefu, mwenye nguvu, bingwa wa masumbwi, aliyewatii waliokuwa juu yake. Mwaka 1959 alipewa cheo cha effendi. Mwaka 1961 alitunukiwa kamisheni, akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza wa Uganda kuwa maafisa. Mwaka 1962 askari waliokuwa chini yake walituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Turkana, hapa hapa kwetu. Suala la kumshtaki lilizungumzwa na wakubwa, lakini uhuru wa Uganda ulikuwa mlangoni, na hakushtakiwa. Jina lake ni Idi Amin. Mwaka 1971 aliipindua serikali, na yaliyoipata Uganda hadi mwaka 1979 hayahitaji kusimuliwa na mwanafunzi.

Sikujilinganisha naye, deni la shilingi 7,500 si damu ya mtu. Kilichonikaa moyoni ni wale waliomshuhudia. Walizijua mbio zake na ngumi zake, wakazisifu. Walipolijua lile jingine, hawakulibeba hadi mahali ambapo lingemzuia. Sifa zao huenda zilikuwa za kweli zote. Kasoro yake ni kwamba ziliachia nusu.

Nikakumbuka pia kwamba Uingereza yenyewe, hadi mwaka 1871, ilikuwa ikiuza kamisheni nyingi za jeshi lake la nchi kavu. Mwenye fedha alinunua cheo, akakiuza alipostaafu. Mauzo hayo yalipigwa marufuku kwa sababu askari aliyeko mstari wa mbele hana faida na ukwasi wa anayemwamuru. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, inataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Niliitazama tena ile barua ya karatasi nzito. Mjomba hakutoa hata senti moja kwa ajili yake, lakini ilikuwa imenunuliwa.

Nikamwendea Daktari.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Keti."

Nilimpa tangazo, wasifukazi na ombi langu. Alivisoma vyote, polepole, kama asomavyo tasnifu. Kisha akavua miwani.

"Nitakuandikia," akasema. "Ila ujue mimi siandiki nusu. Nitaandika na ile ya basi."

Nilihisi joto likinipanda usoni. Nikamuuliza kama hawezi kuandika zile Ijumaa 15 peke yake.

"Unaomba kukabidhiwa watu," akanijibu. "Wanaokukabidhi wana haki ya kujua ulifanya nini siku ulipokabidhiwa watu 42. Nikilikata hilo, hizo Ijumaa zako zitakuwa za kulipa nini? Nenda ukafikirie. Ukiona huwezi, mwombe mwingine, nami sitakuwa na kinyongo."

Nilifikiri kwa siku tatu. Bahasha ilikuwa tayari na barua ya mheshimiwa ndani, jina limerekebishwa, jinsia pia. Niliifungua, nikaitoa barua, nikairudisha, nikaifunga. Nilimpigia Mama. Hakuuliza maswali mengi. Alisema tu kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na kwamba karo ile ya mdogo wangu imemkaa kooni tangu siku aliyojua ilikotoka. Sikuwa nimewahi kumwambia. Mdogo wangu ndiye aliyemwambia, na yeye alikuwa ameambiwa na mimi.

Asubuhi iliyofuata nilipitia ofisini kwa Daktari. Barua ilikuwa mezani, imefungwa kwa gundi, sahihi yake imepita juu ya ukingo wa bahasha. Nikaitia ndani ya bahasha kubwa bila kujua neno hata moja lililoandikwa humo. Ya mheshimiwa nilimrudishia mjomba kwa mikono miwili, nikamshukuru. Hakuzungumza nami kwa miezi minne.

Niliitwa kwa mahojiano. Sitasimulia yote, kwa kuwa mengine si yangu kuyasimulia. Lakini afisa mmoja aliyeketi pembeni, mama wa makamo, alikuwa na karatasi ninayoijua kwa nembo ya chuo chetu. Alinitazama, akauliza, "Uliwataja watu watano?"

"Ndiyo, Afande."

"Kwa nini watano hao?"

Hilo sikuwa nimelitayarishia jibu, hata kwa nafsi yangu. Nikasema ukweli: niliwachagua watu wapole, wasiogombana na mtu, kwa kuwa nilidhani watanyamaza. Chumba kilinyamaza. Akaniuliza kama ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningemchukua mtu kama huyo. Nikamjibu kwamba ningetaka kwanza kuwasikia wale watano. Aliandika kitu, sikukiona.

Kwa taarifa yako, msomaji, yule msichana wa risiti ndiye aliyekuwa akinishikia saa kila alfajiri nilipokuwa nikifanya mazoezi ya mbio. Haikutokea haraka, wala sikumwomba.

Majina yalipotoka, langu halikuwemo. Nafasi zilikuwa chache, waombaji wengi, na sina njia ya kujua kama barua ile ilinizuia au ndiyo iliyonifikisha nilipofika. Mjomba, aliporudi kuzungumza nami, alisema nilijichimbia kaburi kwa mkono wangu. Huenda. Umri wangu ungali unaniruhusu kuomba tena, na nitaomba. Nimeshamwambia Daktari aitunze nakala yake.

Kwenu wanafunzi wenzangu, mnaokaribia kuandika kipengele kile cha mwisho cha wasifukazi, iwe ni kwa jeshi, shule au shirika, nina haya machache. Mchagueni aliyewaona mkifanya kazi, hasa kazi iliyowashinda kwanza. Mwendeeni mwenyewe, mapema, mkiwa na tangazo mkononi, na mmwachie nafasi ya kukataa bila aibu. Msimwombe afiche. Mkipata au mkikosa, rudini mkamwambie, kwa kuwa naye ameweka jina lake rehani.

Nanyi wahadhiri wetu, nawaomba kwa heshima: msituandikie barua moja sote, mkibadilisha majina tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, nasi tumesifiwa mno kwa maneno yasiyotuhusu. Kama mna daftari jekundu mahali fulani, lifungueni.

Mimi langu liko kwa Daktari, lina sahihi 30: kumi na tano zangu, kumi na tano zake.